Mrejesho: Tulivyomuenzi ami yetu wa Wete

Asalaam alaykum. Niliwauliza namna ya kumuenzi marehemu ami yetu, mwenye duka la jumla Wete, Pemba, na msuluhishi wa mtaa mzima. Wengi mlinijibu: anzeni na madeni. Ahsanteni sana.

Hitma ilisomwa, watu wakajaa hadi barazani. Kazi kubwa ilikuwa daftari la mali kauli, yaani bidhaa za mkopo. Tuliwalipa kwanza waliokuwa wakimdai, maana deni hutangulia wasia na mirathi. Aliokuwa akiwadai yeye, wengi wao wavuvi na wajane, warithi watu wazima wamewasamehe kwa mafungu yao. Fungu la watoto wadogo halikuguswa. Hilo hakuna mkubwa mwenye haki ya kulisamehe, na nimefurahi kwamba hakuna aliyebisha.

Aliusia fremu moja ya duka iwe wakfu. Haizidi theluthi ya mali yake, ambayo ndiyo kikomo cha wasia, basi imepita. Kodi yake itanunua misahafu ya chuo cha Kurani na kulipia maji ya msikiti. Tunaiandikisha Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Msimamizi ni shangazi, aliyekuwa mshauri wake miaka yote. Mola amrehemu ami yetu, amin.