Piano ya miaka mia au mpya ya dukani: kanisa lichukue ipi?

Wakuu, salaam. Kanisani kwetu Dar tumegawanyika. Kuna familia inatupa bure piano ya Kijerumani iliyopita miaka 100. Wazee wanasema mbao za zamani zimekomaa, na funguo za kubonyeza ni pembe halisi ya ndovu. Kwaya inataka mpya. Mimi niko na kwaya.

Nilikwenda na fundi kuikagua. Alikaza pini inayovuta waya wa noti ya La ya katikati, sauti ikakaa sawa. Hajarudisha hata spana mfukoni, imeshuka tena. Piano ina nyuzi zaidi ya 200, na mvuto wake kwa pamoja ni tani kama 18. Ubao ulioshika pini hizo karne nzima umechoka, jamani.

— Mkuu, unachanganya umri na matunzo. Pini zikilegea zinawekwa nene kidogo, nyuzi zinafungwa mpya, kazi inaendelea. Hizo mpya za bei poa mnazozitamani, ubao wa sauti, ule unaokuza mlio wa nyuzi, ni plaiwudi na nyundo ngumu kama jiwe. Mtapata kelele, si muziki.

— Kuhusu pembe: zilitoka huku huku kwetu. Karne ya 19 zilibebwa mabegani toka bara mpaka Bagamoyo, zikavuka Zanzibar, nyingi zikaishia Connecticut, Marekani, kwenye mji ulioitwa Ivoryton, kuchanwa vipande vya funguo. Vidole havitelezi, sawa, lakini kinachogonga waya ni nyundo. Pembe haiongezi sauti hata chembe.

Asante mkuu wa pembe, umenisaidia. Na wewe wa plaiwudi, nakubali, mpya mbovu zipo. Ila "ya zamani" si cheti. Steinway, kampuni maarufu ya piano ya New York, mwaka 1962 iliacha kitambaa cha sufu kwenye viungo vidogo vya nyundo ikaweka Teflon, aina ya plastiki inayoteleza. Mbao huvimba na kusinyaa kwa unyevu, Teflon haifuati. Viungo vikawa vinagonga tik, tik. Miaka ya 1980 walikuwa wamesharudi kwenye kitambaa. Leo mtu akikuuzia ya 1970 kwa sifa ya ukale, utasemaje? Na hiyo ni Steinway!

Kamati inakutana Jumapili. Aliyewahi kufunga nyuzi na pini mpya hapa mjini aseme alilipa ngapi, na kazi imehimili masika mangapi.