Pedali za sumaku badala ya SPD: zinashika kweli?

Mpanda_Milima
Wakuu, natumia SPD (pedali za klipu, zinazofunga kiatu) kwenye baiskeli ya milimani na nafikiria kuhamia pedali za sumaku. Viatu ni vya boliti mbili, soli ina meno marefu. Nauliza: bamba la chuma la chini ya soli, lile linaloshikwa na sumaku, litaingia kwenye viatu hivihivi? Kwa mtu wa kilo 85 nichukue sumaku ya nguvu gani? Na mguu unatokaje ukiona unaanguka?

Spoku32
Bamba litaingia. Matundu ni yaleyale ya SPD, boliti M5, kaza 5 hadi 6 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza).

Kitakachokusumbua ni hayo meno ya soli. Mvuto wa sumaku hushuka kwa kasi pengo likiongezeka, na milimita moja ya hewa kati ya bamba na sumaku inatosha kukufanya udhani umeuziwa feki. Geuza kiatu, laza rula juu ya meno ipite katikati ya bamba. Rula isipogusa bamba, ongeza kipande cha plastiki ngumu kati ya bamba na soli au kata meno yanayolizunguka kwa kisu. Ukiinua bamba, badilisha boliti pia, ziwe ndefu zaidi: ziingie angalau mizunguko mitano ya uzi (milimita 4 kwa M5), lakini zisitokeze ndani zikachoma unyayo.

Kisha angalia pini za pedali, vile vijino vya kushika soli. Zikiwa ndefu zinakiinua kiatu vilevile. Zirudishe ndani, au toa zile zilizo karibu na sumaku.

Kupima: weka karatasi juu ya sumaku, kanyaga, mwenzako aivute. Ikitoka kirahisi, bado kuna pengo.

Grisi_Nyeusi
Kuhusu nguvu: hupimwa kwa nyutoni. Kampuni ya Magped ya Austria, kwa mfano, ina za 150 na 200. Nyutoni 200 ni kama kuning'iniza kilo 20, kwa hiyo usitegemee kuvuta pedali juu kama kwenye SPD. Ukisimama na kuvuta kwa nguvu zote, kiatu kitang'oka. Kwa kilo 85 kwenye mawe ningechukua 200. Kazi yake ni kuuweka mguu mahali pake baiskeli inaporuka. Anayekimbiza mashindano ya spidi abaki na klipu, hapa hakuna ubishi.

Kutoka: inamisha kiatu upande ili ukingo mmoja uinuke. Pengo likishafunguka, mvuto umekwisha. Waliozoea SPD huzungusha kisigino tu, na hapo bamba linateleza juu ya sumaku kabla ya kuachia. Fanya mazoezi umeegemea ukuta, mguu mmoja mmoja, mpaka mwili uache mazoea ya zamani.

Mpanda_Milima
Shukrani. Bamba likiisha naweza kuchonga mwenyewe kwa chuma kisichoshika kutu?

Spoku32
Inategemea chuma. Steni ya 304, ile ya masufuria mengi, karibu haivutwi na sumaku kabisa. Ya 430 inavutwa. Chuma cha kawaida kinavutwa vizuri zaidi ila kitapata kutu, kipake mafuta baada ya mvua. Usifanye bamba jembamba kama bati: chuma chembamba hakiwezi kubeba mvuto wote, hata kikikaa sawasawa. Chukua unene wa bamba la zamani.

Grisi_Nyeusi
Usafi nao. Sumaku hukusanya vumbi la chuma na mchanga mweusi, na tabaka hilo ni pengo kama pengo jingine. Kitambaa kinausambaza tu. Bandika selotepu, bonyeza, ng'oa, rudia. Usikwangue kwa bisibisi, maana sumaku hizi ni za neodimiamu, na ganda likichubuka sumaku huoza haraka.

Ufungaji ni wa pedali yoyote: grisi kwenye uzi, 35 hadi 40 Nm, na ya kushoto ina uzi wa kinyume. Zote mbili hukazwa kwa kuzungusha ekseli kuelekea mbele ya baiskeli.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asizikumbatie pedali hizi kifuani wakati wa kufunga, zikae angalau sentimita 15 mbali nacho. Bora zaidi amuulize daktari wake kabla ya kununua.