Watoto wanaimba Kiswahili lakini hawakisemi: msaada kwa darasa la Jumamosi

Kutoka: Mama wa wawili, Reading, Uingereza (kwetu Kihesa, Iringa)

Kamwene ndugu zangu,

Desemba tunakwenda nyumbani, bibi yao anatusubiri. Watoto wana miaka 6 na 9. Nyimbo za Kiswahili wanazijua nyingi, wamezitoa kwenye simu, na wanaziimba vizuri hadi wageni wanashangaa. Juzi bibi alipiga akamuuliza mdogo, "Umekula nini leo?" Mtoto alinyamaza, halafu akaanza kumwimbia wimbo wa matunda. Bibi alicheka. Mimi nilitoka nje nikalia.

Nasikia Leicester mna darasa la Jumamosi na mnatumia sana nyimbo. Mnafanyaje? Sisi huku tuko familia tano, tunataka kuanza. Ngoma tutapata wapi? Na ukumbi je, kuna vibali?

Kutoka: Mwalimu wa Jumamosi, Leicester (kwetu Tukuyu)

Kamwene mdogo wangu, na pole. Mwanao hana tatizo lolote. Ameushika wimbo mzima kama mnyororo, ukimtaka pete ya saba hana budi aanzie ya kwanza. Mjaribu leo jioni: mwambie ahesabu kuanzia saba kwenda mbele. Akichezesha midomo kimya kutoka moja mpaka afike saba, ujue namba hizo bado ni za wimbo, hazijawa zake.

Kabla sijaja huku nilifundisha darasa la pili Rungwe. Mnaotoka upande ule mnaijua mvua yetu, sehemu nyingi inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Ikianguka juu ya bati, watoto sabini hawakusikii hata upaze sauti namna gani. Tulikuwa tunaacha kusema, tunapiga makofi. Naandika maneno matatu ubaoni, napiga mdundo wa mojawapo, wao wanaandika ni lipi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Kiswahili kina mdundo wake, na wimbo wa darasani usioufuata unafundisha makosa.

Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu. Nyimbo nyingi zinazozunguka mitandaoni ni tuni za kigeni zilizobandikwa maneno yetu, na pigo kubwa linaangukia popote. Mtoto wa Iringa haimdhuru, maana akitoka nje anasikia neno lile lile likitamkwa sawasawa kutwa nzima. Mtoto wa Leicester hana wa kumsahihisha. Nilikuwa na msichana aliyesema KI-tabu karibu mwaka mzima kwa sababu ya wimbo niliomfundisha mimi. Ule wimbo niliuacha.

Siku hizi tunaanza na neno, tuni inafuata. Tunalitamka, tunalipigia makofi, kofi kubwa linakaa kwenye mkazo, na sauti inapanda hapo hapo. Ukishafika hapo unaweza kufundisha kitu ambacho vitabu hukipita haraka, kwamba mkazo unahama: SO-ko, so-KO-ni. SHA-mba, sha-MBA-ni. Watoto wanapenda mno kuliona kofi likihama. Huyo wako wa miaka 9 mpe neno barabara. Ba-ra-BA-ra ni njia ya magari, ba-RA-ba-ra ni sawasawa kabisa.

Ngeli tunazifundisha kwa kuitikiana, wala hatuzitaji kwa jina. Kiongozi anasema "Kiazi kimoja!" wote wanaitikia "Viazi viwili!" "Mti mmoja!" "Miti miwili!" "Parachichi moja!" "Maparachichi mawili!" "Ndizi moja!" "Ndizi mbili!" Vitu viwe mezani, mtoto avishike. Kila Jumamosi kiongozi abadilishe mpangilio. Wiki ya tatu aingize kitu ambacho hakijawahi kuwamo kwenye wimbo: "Kikombe kimoja!" Mtoto ambaye hajaimba vikombe hata siku moja akijibu "Vikombe viwili!", ameanza kusema. Wimbo huo tunauweka kando wiki hiyo hiyo, hata kama watoto wanalia kuutaka. Hapa wazazi wengi hunigomea, kwa sababu mtoto anayeimba anapendeza. Nami nasisitiza, maana mtoto anayeweza kujibu swali la bibi yake ndiye ninayemtafuta.

Saa nayo ina wimbo wake, na mkienda nyumbani Desemba mtauhitaji. Bibi akisema "njoo saa mbili asubuhi", mtoto wa huku kichwani mwake ni saa nane usiku. Sisi tunaimba huku tukizungusha mishale ya saa ya karatasi:

*Jua likichomoza, saa kumi na mbili,*
*Uji uko mezani, saa moja kamili.*

Kuhusu vibali: watu wazima watakaofundisha wafanyiwe ukaguzi wa DBS, yaani wa rekodi za uhalifu. Kwa wanaojitolea kwenye kikundi kama chenu, maombi yanapitia kwenye kikundi au shirika. Kwa wanaojitolea cheti chenyewe hakina ada, ila shirika linalowapelekea maombi linaweza kudai gharama yake. Muulizeni mwenye ukumbi kama ana leseni ya muziki uliorekodiwa, mkitaka kupiga nyimbo za simu kwenye spika. Ngoma ya ngozi msiihangaikie kwanza. Ukumbi wetu wa awali tuliupoteza kwa sababu ya kelele, baada ya Jumamosi mbili tu. Ndoo ya plastiki iliyogeuzwa, na chupa zenye punje za mchele badala ya kayamba, zinatosha kabisa.

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Uyole, Mbeya

Wanangu, mwanangu wa Coventry hunisomea barua zenu. Nimefurahi, lakini wimbo wa saa una kosa. Huyo aliyeutunga ni wa Tukuyu na anajua: huku kwetu saa kumi na mbili jua halijachomoza. Sisi tuko magharibi mbali na Dar es Salaam ilhali tunafuata saa ile ile. Juni na Julai linatokea karibu na saa moja, na baridi ile nani aliye mezani? Imbeni "Jogoo akiwika". Mtoto akifika Desemba aamke, aangalie dirishani, akute wimbo unasema kweli.

Mtu mmoja aliniomba niimbe pamoja na watoto kwa simu ya video. Tulijaribu, haikuwezekana. Sauti inachelewa njiani, mimi nikiwa mstari wa pili wao wako wa kwanza, wote tunapotea. Afadhali nirekodi mstari wa kiongozi, niache nafasi, nitume. Watoto waitikie huko kwa wakati wao, nao wanirekodie majibu.

La mwisho ni hili. Mnatafuta daraja la kutoka kwenye kuimba kwenda kwenye kusema, nanyi mnalo. Ni ngonjera. Marehemu Mathias Mnyampala, mshairi wetu, alizieneza, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 shule zetu zilizitumia sana kufafanulia siasa ya Ujamaa ya wakati ule. Nakumbuka watoto wawili wamesimama mbele ya darasa, mmoja anauliza, mwenzake anamjibu, mizani inawabeba. Ngonjera ina vina kama wimbo na ina swali na jibu kama mazungumzo. Huyo aliyeshindwa kumjibu bibi yake, mpeni hii:

*Mjukuu wangu sema, umekula nini leo?*
*Bibi nimekula ndizi, chai ya upendeleo.*

Akishaijua, ndizi ziondoeni. Mtoto atie alichokula kweli. Mizani ikivunjika, iacheni ivunjike.

Kutoka: Mwalimu wa Jumamosi, Leicester

Shikamoo Mwalimu. Ndaga fijo, asante sana. Ni kweli kabisa kuhusu jua, tumeshabadilisha, watoto wamemchora jogoo kwenye saa ya karatasi. Mstari wa kiongozi tunauomba kwa sauti yako.

Kutoka: Mama wa wawili, Reading

Mwalimu shikamoo, dada asante sana.

Wiki tatu tumekaa na ngonjera ile jikoni, mkubwa akiwa bibi. Jana bibi mwenyewe alipiga. "Umekula nini leo?" Mdogo akasema, "Bibi nimekula ndizi, chai ya upendeleo," na kweli ndizi alikuwa amekula. Bibi akauliza tena, "Na jana je?" Swali hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Mtoto alinitazama, nikajizuia nisimsaidie. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani simu imekatika.

"Jana," akasema, "wali. Wali na samaki."

Ukumbi tumepata, wa kanisa, pauni 12 kwa saa. Tunaanza Jumamosi hii saa nne asubuhi, kwa saa ya kwetu. Mwenye ndoo kubwa ya plastiki aje nayo.