Wakati wa kunidai ni mimi yule yule, wakati wa kunilipa "jina halifanani"

Wanajamvi, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nauandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Miezi minane iliyopita nilibadili jina. Kihalali kabisa. Nimeapa mbele ya wakili, nimejaza fomu, nimelipa ada, hati imesajiliwa na kupigwa muhuri, tangazo limetoka gazetini ili kama kuna ninayemkimbia ajue pa kunipata. Siku niliyokabidhiwa ile hati nilitoka pale natembea kama bwana harusi, nikijua kazi imeisha. Kumbe ndiyo nilikuwa nakabidhiwa mzigo.

Kabla hamjauliza nilibadili kwa nini: sisemi. Sheria haikuninyima, hakuna niliyemdhulumu, na madirishani nimeshaulizwa swali hilo mara nyingi kuliko nilivyoulizwa habari za asubuhi. Wengine wanauliza kwa kazi. Wengine wanauliza kwa umbea, unamwona kabisa anavyoegemea meza ili asikie vizuri.

Tuanze na dirisha la kwanza, la kitambulisho. Dada wa watu alikuwa mpole, simlaumu yeye. Tatizo lilikuwa kwenye kompyuta yake.

"Kaka, sababu ya kubadili jina? Hapa kuna ndoa, talaka, au makosa ya uandishi."

"Hakuna hata moja, dada. Nimebadili tu kwa hiari yangu, hati hii hapa."

"Nimeiona. Ila mfumo hauna sehemu ya hiari. Nikuwekee ndoa?"

"Mimi mwanaume, ndoa inanibadilishaje jina?"

Akacheka, mimi nikacheka, tukakubaliana aweke makosa ya uandishi ili foleni isogee. Nilijiona mjanja. Miezi miwili baadaye, kwenye ofisi nyingine kabisa, afisa ananikazia macho: "Hapa inaonyesha ulirekebisha makosa ya uandishi, lakini majina mawili kati ya matatu ni mapya. Hili si kosa la uandishi. Umesema uongo?" Yaani uongo ambao kompyuta yao wenyewe ilinilazimisha kuusema, sasa unanirudia kama kesi.

Halafu hapo hapo kwenye kitambulisho nikafanya kosa ambalo naomba mtu mwingine asilifanye. Waliponipa kipya, walichukua cha zamani wakakitoboa tundu na kubaki nacho. Sikuona shida, jina la zamani la nini tena? Nikaenda kwa watu wa simu kubadili usajili wa laini. Wanataka nini? Kitambulisho kile kile kilichotumika kusajili laini. Cha zamani. Nikawaambia kimechukuliwa na waliokitoa. Wakasema basi leta barua kutoka huko. Huko wakasema sisi hatutoi barua kwa kampuni binafsi, hao wanapaswa kusoma namba, namba haijabadilika. Nikarudi kwa watu wa simu nikawaambia someni namba. Wakasoma. Namba ikakubali, alama za vidole zikakubali, jina likakataa. Mambo mawili ambayo siwezi kuyaghushi yamesema ni mimi, moja ambalo sheria imeniruhusu kulibadili limesema si mimi, na hilo moja ndilo likashinda.

Hiyo laini siyo ya kupigia stori tu, ndugu zangu. Ndiyo inayopokea namba za uthibitisho za benki, za barua pepe, za karibu kila kitu. Kwa hiyo nilikuwa na benki yenye jina jipya, laini yenye jina la zamani, na mashine katikati inayolinganisha herufi kwa herufi. Ikaona watu wawili wanatumia akaunti moja. Ikafunga. Kwa usalama wangu, eti.

Sasa njoni kwenye kiini cha hasira yangu.

Mwajiri alibadilisha jina langu kwenye orodha ya mishahara wiki moja kabla benki haijabadilisha kwake. Wiki moja tu. Mshahara ukatumwa kwa jina jipya, ukakuta akaunti ya jina la zamani, ukarudishwa: jina halifanani. Sawa, tahadhari ni nzuri, wezi wapo. Lakini siku ile ile mkopo nilionao benki hiyo hiyo ulitakiwa kukatwa. Ulirudishwa? Ulisita hata dakika moja? Ulikatwa kwenye kiakiba kidogo kilichokuwepo, na kilichopungua kikaandikwa kuwa nimechelewesha rejesho, na juu yake faini. Mfumo mmoja, siku moja, mteja mmoja. Pesa inayokuja kwangu ilihitaji hati, kiapo, muhuri na meneja. Pesa inayotoka kwangu haikuhitaji hata salamu.

Nilimuuliza meneja, kwa sauti ya chini kabisa, maana nilikuwa nimebakiza kidogo tu nipayuke: kama hamna uhakika kwamba mimi ndiye mwenye akaunti, mmepata wapi uhakika kwamba mimi ndiye mwenye deni? Akaniambia mkopo unafuata namba ya akaunti, si jina.

Wanajamvi. UNAFUATA NAMBA.

Kwa hiyo mnaweza! Kumbe kufuata namba mnajua, ila mnakukumbuka wakati wa kudai tu. Mimi hilo ndilo linaloniuma, wala si foleni. Foleni nimezizoea. Nina namba ya kitambulisho, namba ya mlipa kodi, namba ya akaunti, tarehe ya kuzaliwa, vidole kumi na uso. Hakuna hata kimoja kilichobadilika siku niliyoapa. Jina ndilo kitu ambacho watu maelfu wanaweza kuwa nacho kwa pamoja, na ambacho mtu mmoja anaweza kukibadili kwa ndoa, kwa talaka, kwa dini, kwa hakimu, au kwa karani aliyesinzia. Halafu ndicho mlichokigeuza ufunguo. Rafiki yangu mtafiti aliponisikia akacheka. Wao wana namba ya kumtambulisha mtafiti, inaitwa ORCID, ya tarakimu 16, ipo tangu 2012, mtu akibadili jina namba inabaki pale pale na makala zake zinaendelea kumfuata. Watu wa kuandika makala wameliweza hilo, watu wa kutunza pesa zetu hawawezi.

Pasipoti nayo ina vituko vyake. Jina langu jipya lina ile alama ya juu, ya ng'. Chini ya ukurasa wenye picha kuna mistari miwili ya kusomwa na mashine, kila mmoja una nafasi 44, na kwenye ule wa kwanza nafasi zilizoachwa kwa ajili ya majina ni 39. Ile alama hairuhusiwi kabisa, inaondolewa na herufi zinasogezwa pamoja. Jina lenye kistari, kistari kinageuzwa kuwa ile alama ya mshale ya kujazia nafasi. Huo ni utaratibu wa kimataifa na sina ugomvi nao, mashine za mipakani lazima zielewane. Ugomvi wangu ni na wanaosoma. Juu ya ukurasa jina liko na alama, chini halina, kwenye tiketi ya ndege limeunganishwa lote neno moja maana tovuti yao haikubali nafasi, benki wameandika alama lakini wameigeuza upande. Sasa nina jina jipya moja katika maumbo manne, na kila ofisi inaamini umbo lake ndilo langu na mengine ni ya tapeli.

Na hiyo ni tiketi ya pili, ya kwanza nilikuwa nimeikata kwa jina la zamani kabla pasipoti mpya haijatoka. Mashirika mengi ya ndege hayabadilishi jina kwenye tiketi kirahisi, wanaogopa watu kuuziana. Nikapeleka hati. Wakasema wanaielewa, wanasikitika pamoja nami, nikate tiketi nyingine. Hapo kosa nusu ni langu, nalikubali. Ukiwa na safari, usiguse pasipoti mpaka urudi.

Vyeti vya shule sitavisemea sana. Vyuo vingi havichapi cheti kipya, wanasema cheti ni kumbukumbu ya mtu alivyokuwa siku ile, na kwa kweli nikifikiri kwa utulivu naona wana hoja. Unatembea na cheti na hati, vimebanwa kwa pini moja, basi. Kinachokera ni mwajiri anayeona majina mawili na kunyamaza, hakuulizi, anakuweka pembeni tu.

Barua pepe: anwani yangu ni jina la zamani tangu nikiwa kijana. Jina linaloonekana nimelibadili kwa nusu dakika, anwani yenyewe ikanigomea, ikabidi nifungue mpya. Na ole wako uifunge ile ya zamani. Akaunti kadhaa zilinitaka nithibitishe mabadiliko kwa kubofya kiungo walichotuma, wapi? Kwenye anwani ya zamani. Nyingine nikasahau neno la siri, wakataka picha ya kitambulisho kinachofanana na jina la akaunti. Tunarudi palepale, kwenye kile kitambulisho chenye tundu.

Na kuna moja ambalo lilinitisha kuliko yote, hata silo la kelele. Mama yangu ana bima ya maisha na mrithi aliyeandikwa ni mimi, kwa jina la zamani. Hakuna mfumo uliokuja kuniambia. Niligundua kwa bahati tu tukipanga makaratasi yake. Fikiria siku yenyewe imefika, umefiwa, halafu uko dirishani unaambiwa jina halifanani. Tukaenda naye tukarekebisha. Mama wa watu akapanda ngazi ghorofa tatu kwa magoti yake yale, kwa ajili ya jina ambalo mpaka leo yeye mwenyewe haliiti.

NYONGEZA 1: Naona wachangiaji wa "ungebaki na jina lako usingepata tabu". Asanteni. Dada zetu wanabadili jina kila siku wakiolewa, na wanalirudisha wakiachana, nao tuwaambie wabaki? Mmoja amenitumia ujumbe pembeni, ameachika miaka mitano sasa, nusu ya makaratasi bado yanamwita mke wa mtu. Kila akienda dirishani lazima aisimulie upya talaka yake mbele ya foleni nzima. Mimi angalau siri yangu nimebaki nayo.

NYONGEZA 2: Mnaouliza kwa upole nianzie wapi, nitawajibu nilivyojifunza kwa kuumia. Kabla hujasalimisha kitambulisho cha zamani, kitoe nakala pande zote mbili na wakili au hakimu aithibitishe, tena nakala nyingi, maana kila ofisi itabaki na moja. Hati yako yenyewe usimwachie mtu, hata akisema utaifuata kesho. Kwenye kila barua utakayoandikiwa sisitiza maneno "aliyejulikana awali kwa jina la" fulani, majina yote mawili kwenye mstari mmoja, hilo ndilo lililonifungulia laini ya simu hatimaye. Kitambulisho kwanza. Mwajiri na benki wabadili wiki moja, na ikiwezekana upande wa benki utangulie, usirudie yaliyonikuta. Jina liandike namna moja tu kila mahali, mpangilio mmoja, alama zile zile, na fomu ikikataa alama yako, andika pembeni kwamba ndivyo mashine ilivyokataa. Saini usiibadili kwa wakati mmoja na jina, hata kama inakukera. Ukikataliwa, omba wakuandikie kwamba wamekukataa na kwa nini. Wengi wakiombwa waandike, ghafla wanaona inawezekana. Na makaratasi ya watu wanaokutegemea wewe, au yale ambayo wewe umeandikwa humo kama mrithi, yapitie mwenyewe, hakuna atakayekukumbusha.

NYONGEZA 3: Walioulizia ile faini. Bado. Nimeandika malalamiko mara mbili. Barua ya kwanza wamejibu hawaoni mteja mwenye jina hilo. Ya pili niliandika kwa jina la zamani, wakajibu mteja huyo alishabadili jina, malalamiko yaletwe na mwenyewe.

NYONGEZA 4: Leo saa mbili asubuhi nimepata ujumbe wa simu kutoka benki ile ile. Jina jipya, majina yote matatu kwa mpangilio sahihi, na ile alama ya ng' imekaa mahali pake, mara ya kwanza kuiona imekaa sawa tangu niape. Wananikumbusha rejesho la mwezi huu ni Ijumaa.