Nimepata kazi ya kufundisha Kiingereza Thailand, naombeni mnieleze maisha ya kila siku kule

Binti wa Buhongwa

Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa wakubwa zangu.

Mimi ni mwalimu hapa Mwanza, nimefundisha Kiingereza shule ya msingi ya inglishi midiamu miaka minne sasa. Nimepata ofa ya kwenda kufundisha Thailand, mji unaitwa Udon Thani, shule ya serikali, mkataba wa mwaka mmoja, muhula unaanza mwezi wa tano. Mshahara tumeshaelewana kwaiyo sio ninachouliza. Ninachotaka kujua ni maisha yenyewe, yaani ukitoka darasani saa kumi jioni unaenda wapi, unaongea na nani, Jumapili unafanya nini, ukiumwa nani anakuletea uji. Hapa mimi nikishuka Buhongwa naanza kusalimia kuanzia stendi mpaka mlangoni, mama wa nyanya, kaka wa mkaa, watoto wa jirani wote wananiita ticha. Nikifikiria nitakaa mahali watu kibao wananipita na hakuna hata mmoja anayejua jina langu naishiwa nguvu kabisa.

Alafu kuna mama. Mama anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, katusomesha wote wanne kwa hao hao dagaa, na mimi ndo kitinda mimba niliyebaki naye nyumbani. Hajanikataza, ila kila nikigusia safari anageuza maongezi ananiuliza nimekula. Waliowahi kuishi kule, au nchi yoyote ya watu, naombeni mnieleze ukweli.

Ng'wana Isaan

Mwangaluka dada. Mi ni mtu wa Magu, nipo mkoa wa Khon Kaen huu mwaka wa tatu, hapo Udon kwako ni kilomita mia na kidogo tu kutoka hapa. Hilo eneo lote la kaskazini mashariki wanaliita Isaan. Ni wakulima wa mpunga, wanaongea lugha yao inayokaribiana sana na Kilao, na watu wa Bangkok wanawatania kuwa washamba kama sisi Wasukuma tunavyotaniwa Dar. Kwa hiyo jua unaenda kwa watu wa aina yako.

Salamu yao utaielewa haraka kuliko Mzungu yeyote. Unakutanisha viganja kifuani unainamisha kichwa, inaitwa wai, na anayeanza ni mdogo kwa mkubwa, yaani ni shikamoo kabisa ila ya mikono. Mkuu wa shule, walimu wazee, hata yule mama anayefagia uwanja kama kakuzidi umri, we anza. Kitu kimoja nilikosea wiki ya kwanza, mtoto alijibu vizuri nikampapasa kichwani kama tunavyofanya huku, mwalimu mwenzangu akaniita pembeni akanieleza kwa upole kwamba kichwa cha mtu hakiguswi, ni sehemu ya heshima. Niliona aibu sana, ila yule mama aliyenieleza ndo mpaka leo rafiki yangu wa kwanza pale shuleni.

Saa zao sasa. Ofisini wanatumia saa za kizungu, ila mtaani giza likiingia wanahesabu kama sisi! Saa moja usiku wanaita nung thum, nung ni moja. Saa mbili ni song thum, mbili hiyo. Mnaenda sambamba hivyo hivyo mpaka saa tano usiku. Walimu wa Kifilipino (wako wengi sana huku, na Wakameruni pia) walikuwa wanaumiza kichwa kwa hilo, mi jirani aliponiambia njoo tule song thum nilifika saa mbili kamili bila kuuliza. Sikutegemea kitu kama hicho kingenifariji lakini kilinifariji, nilihisi kama nimekuta mtu wa kwetu njiani.

Sasa swali lako la uji. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa nanunua chakula nakula chumbani nimefunga mlango, nachati na watu wa Magu mpaka usinzi. Hiyo usifanye, ndo kosa kubwa kuliko yote. Siku moja nikapita soko la usiku nikanusa samaki anachomwa, kusogea nikakuta SATO. Sato wetu huyu huyu. Wao wanamwita pla nin. Niliuliza baadaye nikaambiwa mwaka 1965 mtoto wa mfalme wa Japani, Akihito, alimzawadia mfalme wao sato 50, wakafugwa kwenye mabwawa ya ikulu alafu wakasambazwa kwa wananchi, leo yupo kila soko. Wanampaka chumvi mwili mzima anakuwa mweupe, wanamjaza mchaichai tumboni wanachoma mkaa taratibu. Unakula na wali wa kunata, unaufinyanga kwa vidole kama tonge la ugali unachovya kwenye pilipili. Nikawa naenda kila jioni kibanda hicho hicho, sibadilishi. Nikajifunza kusema mkia, kichwa, chumvi, ongeza. Mama muuzaji akaanza kuniita luk, maana yake mwanangu. Mwezi wa saba nikapata homa ya dengue, sikuonekana siku tatu, siku ya nne mwenye nyumba ananigongea yuko na yule mama amebeba uji wa mchele, unaitwa jok, kwenye mfuko wa plastiki, na tangawizi juu. Alikuwa ameulizia mtaa mzima yule mwalimu mweusi anakaa wapi.

Kwaiyo jibu langu ni hilo. Chagua kibanda kimoja, duka moja, bodaboda mmoja (wanavaa vizibao vya rangi ya chungwa), uende hapo hapo kila siku mpaka siku usipoonekana waulize.

Nilikuwa Guangdong

Dada mi sijafika Thailand, nilikuwa China na yangu haikuwa nzuri, nakuandikia ili usipite nilipopita. Nilipelekwa na wakala, akasema ingia na viza ya biashara tutabadilisha ukifika. Haikubadilishwa. Kule kufundisha Kiingereza kihalali unatakiwa uwe na viza ya kazi, na kwa ualimu huo wanataka hasa wenye pasipoti za nchi ambazo Kiingereza ndo lugha yao, mimi Mtanzania nilikuwa nimeshakataliwa kabla sijapanda ndege ila sikuambiwa. Nilifundisha chekechea miezi saba, wakaguzi wakija natolewa mlango wa jikoni.

Watu wanaongelea faini na kurudishwa, lakini mi kilichoniumiza ni kingine. Ukiishi bila karatasi huwezi kuwa na rafiki. Rafiki lazima ajue unafanya kazi wapi, unakaa wapi, wikiendi twende sehemu fulani leta pasipoti tukate tiketi ya treni. Kila mtu nilimdanganya kidogo. Kuna kijana wa duka la matunda alikuwa mwema sana kwangu, siku naondoka sikumuaga maana ningemwambia nini. Ni miaka sasa na bado namfikiria.

Kwaiyo angalia viza yako ni ya nini. Ukiambiwa njoo na ya utalii, baki Mwanza.

Ng'wana Isaan

Namuunga mkono mkuu hapo juu, pole sana kaka. Kwa Thailand dada hakikisha unaingia na ile wanaita Non-Immigrant B, shule ndo inakutumia barua na nyaraka za kuombea, alafu ukifika wanakukatia kibali cha kazi. Digrii lazima. Baraza lao la walimu linaitwa Khurusapha, kama huna leseni yao shule inakuombea ruhusa ya muda. Kwa sisi ambao sio wa nchi za Kiingereza wanataka na cheti cha mtihani wa Kiingereza, TOEIC au IELTS, nadhani shule imeshakuambia. Beba cheti cha polisi cha alama za vidole na kadi ya njano ya homa ya manjano. Kila siku 90 unaripoti uhamiaji, ni dakika chache tu ila usisahau.

Na hii muhimu kwa mtu wa kutembea kama nakuona wewe: Udon mpaka Nong Khai ni kama kilomita 50, pale ndo mto Mekong, ng'ambo ni Laos, kuna daraja tangu 1994. Utatamani kuvuka. Kabla hujavuka kachukue kibali cha kurudi uhamiaji, la sivyo ukitoka tu viza yako imekufa hapo hapo mpakani. Mwenzangu mmoja alikwenda Vientiane wikiendi moja, ikamgharimu mwezi mzima kuanza upya.

Pa kwenda pako pengi. Kuna ziwa linaitwa Nong Han, kusini mwa Udon, Desemba mpaka Februari linafunikwa na maua mekundu ya yungiyungi, unakodi mtumbwi asubuhi mapema maana jua likiwa kali maua yanajifunga. Sisi wa ziwani ukikaa miezi sita bila kuona maji mengi unaugua, mi nilipoingia kwenye ule mtumbwi nilinyamaza muda mrefu. Na treni ya usiku ya Bangkok ina vitanda, unalala Udon unaamka mjini.

Binti wa Buhongwa

Asanteni sana jamani, kaka wa Guangdong pole mno, nimekagua nyaraka zangu usiku huu huu, wameandika Non-B na barua ya shule ninayo.

Kaka Ng'wana Isaan naomba niulize kitu bila kuficha. Rangi yetu je? Nimeona matangazo mengine wameandika kabisa wanataka Wazungu.

Ng'wana Isaan

Yapo hayo matangazo, sitakudanganya, na yanauma kila ukiyasoma. Maduka yamejaa mikorogo ya kung'arisha ngozi kama ilivyo mjini Mwanza, kwaiyo hata wao wenyewe wanateseka na rangi zao, watu wa Isaan hasa, kwa sababu ni weusi kidogo kuliko wa Bangkok. Mzazi mmoja aliwahi kumuuliza mkuu wa shule mbele yangu kama Mwafrika anajua Kiingereza. Mkuu alimkaribisha akae nyuma ya darasa siku nzima. Mtoto wake ndo alikuwa haongei kabisa, mi nilikuwa nafundisha kuomba ruhusa na kununua vitu kwa kuigiza, nikampa yule mtoto awe muuza duka, akaongea. Mzazi alilia. Sio wote wataisha hivyo, wengine watabaki na yao. Watoto watakushika nywele sana, hao ni udadisi tu, waambie nywele zinasukwaje.

Mama Doto

Mwanangu wa Buhongwa, mimi sijaenda popote, nipo Igoma, ila kijana wangu wa pili anafundisha Kiingereza Vietnam huu mwaka wa pili, kwaiyo naomba nikusemee kwa upande wa mama yako.

Hapo anapokuuliza umekula ndo anaongelea safari. Hana neno lingine la kuingilia. Mimi mwanangu alinionyesha mkataba, viza, tiketi, vyote nikaviona lakini roho haikutulia, ilitulia siku aliponipigia video akanionyesha jiko lake na sufuria aliyopikia, nikaona ana chumvi, ana mafuta, ana kisu. Sasa wewe hujafika bado lakini muonyeshe mama kitu anachokijua. Usimpe mambo ya uhamiaji, huyo ni mtu wa samaki, huyu kijana wa Magu ameshakupa sato hapo juu.

Alafu mpange saa ya simu na isibadilike. Nimeona Thailand wako mbele yetu kwa masaa manne. Kama mama anamaliza kuuza mchana saa saba, kwako itakuwa saa kumi na moja jioni umeshatoka darasani, mpigie muda huo hata kama huna habari yoyote. Mwanangu mwanzoni alikuwa anapiga akiwa na jambo tu, kwaiyo simu ikiita mimi moyo unapasuka nikidhani ni msiba. Na muachie yeye afunge begi lako. Atakujazia michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), ibebe yote usimpunguzie hata kipande.

Binti wa Buhongwa

Shikamoo mama. Nimesoma ulichoandika mara tatu nimelia.

Leo Jumamosi nimemfuata Mwaloni. Kaka wa Isaan ile picha ya kibanda uliyonitumia nilimwonyesha akiwa anaanika, akajifuta mikono kwenye kanga, akaikuza kwa vidole, akaangalia weee. Akasema huyu sato wa bwawa, tumbo limejaa. Akawaita wenzake wawili wakaja kuangalia. Kisha akaniuliza mbona hawajampara magamba, hao watu wanakulaje. Ni mara ya kwanza ananiuliza kitu chochote kuhusu huko, nimeshindwa kumjibu. Naomba unisaidie.

Ng'wana Isaan

Mwambie mama hawampari makusudi. Ile chumvi inashikana na magamba inakuwa gamba moja gumu, ndani nyama inaiva kwa mvuke wake haikauki. Akiiva unaingiza kidole karibu na mapezi unavuta, ngozi yote inatoka na magamba yake unaitupa, nyama inabaki nyeupe. Moto uwe mdogo, karibu saa nzima. Na asisahau mchaichai, akunje mashina mawili matatu ayapitishe mdomoni mpaka tumboni.

Binti wa Buhongwa

Nimemsomea. Kamtuma mtoto wa jirani kwenda kuchuma mchaichai, sato kamchagua mwenyewe wa kilo moja na nusu, anachoma kesho tukitoka kanisani. Kasema nikuulize chumvi ni ya mawe au ya unga.