Naomba ushauri: nitie saini jiji la Phoenix lianze kusogeza saa?

Kijana wa Kigoma (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Naishi Phoenix, Arizona, kazi yangu ni kupanga safari za malori. Huku saa hazibadilishwi. Wenzetu karibu Marekani nzima wanasogeza mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, sisi tuko pale pale. Kwa hiyo kipindi cha joto tunakwenda sawa na Los Angeles, baridi ikija tunakwenda sawa na Denver. Kila Machi wateja wa Denver wanaanza kupiga simu ofisi ikiwa bado imefungwa.

Sasa kazini inazungushwa karatasi ya kuliomba baraza la jiji lipitishe saa za kiangazi. Bosi ameshasaini na ananisubiri mimi. Mke wangu hataki hata kusikia. Yeye anafikiria simu ya nyumbani: tofauti yetu na Kigoma ni saa kumi mwaka mzima, hivyo akishalaza watoto saa mbili usiku, kwa mama ni saa kumi na mbili asubuhi, ameshaamka. Saa zikisogezwa atakuwa anamwamsha saa kumi na moja. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Mzee wa Minnesota
Kijana wangu, hiyo karatasi imepelekwa mlango usio wake. Baraza la jiji halina mamlaka juu ya saa. Kwa sheria ya nchi ya mwaka 1966, anayeweza kujitoa ni jimbo, na Arizona ilijitoa mwaka 1968. Wanaotaka mabadiliko wawaone wabunge wa jimbo.

Na sheria ile ililetwa na vurugu za miji kujiamulia. Huku kwetu St. Paul na Minneapolis ni miji pacha, unavuka daraja tu. Mwaka 1965 St. Paul ilisogeza saa wiki mbili kabla ya mwenzake. Hebu fikiria mtu analala huku, anafanya kazi kule! Phoenix ikisogeza peke yake, wa miji jirani ya Mesa na Tempe wataingiaje kazini?

Mama Salma
Mdogo wangu, usisaini. Na mimi niko hapa hapa Phoenix. Arizona walishajaribu mwaka 1967, kiangazi kimoja tu kikawatosha, kwa sababu hapa jua tunaliomba lizame. Mwezi wa sita linazama kama saa moja na dakika arobaini jioni. Ukisogeza, itakuwa saa mbili na dakika arobaini usiku. Mwaka 2023 tulipata siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi. Wanangu kiangazi hawashuki kiwanjani hadi giza liingie, maana chuma cha bembea hakishikiki na joto la lami linapenya soli ya viatu. Saa zikisogezwa watacheza saa ngapi, walale saa ngapi? Isha nayo, ambayo sasa ni karibu saa tatu, itakuwa karibu saa nne, na asubuhi kuna shule mwezi wa nane.

Mshambuliaji
Mimi nampinga Mama Salma. Niko Denver, ile saa ya ziada ya mwanga jioni ndiyo inayotupa mpira baada ya kazi. Ikiondolewa, timu yetu inakufa.

Mama Salma
Kaka, Denver mko nyanda za juu, jioni kunapoa. Njoo ucheze huo mpira hapa mwezi wa saba ndipo tuzungumze.

Fundi Umeme
Niongezee la bili. Indiana ilianza kusogeza saa jimbo zima mwaka 2006, wachumi wakapima umeme wa majumbani. Matumizi yalipanda kwa karibu asilimia 1. Taa zilipungua, viyoyozi vikala zaidi. Kama Indiana ni hivyo, Phoenix mtalia.

Dereva wa Masafa
Mkuu, bosi wako ana hoja moja ya kweli: kuchanganyikiwa. Lakini kusogeza saa za jiji hakutaiondoa, kutaiongeza. Mimi napita Tuba City, eneo la Wanavajo, moja ya makabila ya wenyeji asilia, ambao wanasogeza saa ingawa wako ndani ya Arizona. Ng'ambo ya barabara ni Moenkopi, kwa Wahopi, kabila jingine la wenyeji, ambao hawasogezi. Nimewahi kukuta ghala limefungwa kwa ajili hiyo tu. Siku hizi kwenye karatasi ya safari nadai waandike saa za mahali pa kushushia mzigo.

Kijana wa Kigoma (mleta uzi)
Nawashukuru sana, mzee wangu hasa. Sitasaini. Kesho namweleza bosi kwamba baraza haliwezi, na badala yake nampelekea pendekezo: kuanzia Machi hadi Novemba mmoja wetu aingie mapema kwa saa moja kupokea simu za Denver. Niko tayari kuanza mimi. Dereva, nitumie basi mfano wa karatasi yako ya safari, hasa unavyoandika vituo vya Wanavajo na Wahopi.