Naomba ushauri: ndege ndogo ya injini mbili, King Air B200 ya mwaka 1982, tununue au tuendelee kukodi?

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa mawazo, hasa kutoka kwa mafundi wa ndege na marubani.

Mimi na wenzangu wawili hukodi ndege kwa safari za kikazi, jumla kama saa 150 kwa mwaka. Sasa tumepata King Air B200 inauzwa. Bei yake ni nzuri mno, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia.

Injini zake ni PT6A-42, ambazo kwa kawaida hufumuliwa kwa matengenezo makubwa zikifika saa 3,600. Ya kulia ina saa 1,200 tu. Ya kushoto imeshafika 3,350, yaani tutairusha mwaka mmoja na nusu hivi, halafu tuanze kutafuta hela. Muuzaji anasema bado inavuta vizuri. Sawa, ila hata gari bovu huvuta vizuri siku ya kuuzwa.

Fundi wetu alichungulia injini kwa kamera, hakuona tatizo. Lakini alipofunua zulia karibu na mlango akakuta rangi imevimba malengelenge, na chini yake unga mweupe wa alumini iliyoliwa. Tena kumbukumbu za matengenezo zina pengo la miezi 14; tunaambiwa kitabu kilipotea ndege ilipobadilisha mmiliki.

Naomba kujua: pengo hilo linaweza kuzibwa kwa rekodi za karakana iliyoihudumia, au ndiyo basi tena? Na kwa saa 150 tu, kununua kunalipa kweli?